Jicho la Kushoto

Barua ya kampuni ilikuja mwezi wa nne,
imekunjwa mara tatu, ina muhuri wa buluu:
mlinzi atakayemaliza siku tano za silaha
atashika bunduki, na mshahara utapanda.
Mimi, Mize binti Shaame, lindo la usiku,
ghala la karafuu, Wete, mlango wa nyuma,
nina rungu, tochi, na filimbi isiyolia vizuri.
Niliisoma mara mbili. Nikaisoma tena kwa sauti
nyumba nzima ilipokwisha kulala.

Jumatatu ya kwanza sikwenda.
Walitaka barua ya sheha,
na sheha alikuwa Konde, harusini kwa mpwawe;
harusi ya siku moja, yeye akakaa wiki,
muhuri umo mfukoni, anakula nao pilau.

Awamu ya pili nilikuwa na barua,
nilikuwa na picha mbili,
nilikuwa na nauli ya Chake, kwenda na kurudi.
Mtoto akaamka na surua.
Nani wa kuilaumu surua?

Ikabaki ya tatu, na hii nataka niieleze vyema
kwa sababu mtaani inaelezwa vibaya.

Koplo Vuai, mstaafu, ndiye mwalimu.
Alipita ghalani akatuambia sote tulojiandikisha:
"Kabla hamjaja kwangu, jifunzeni kufumba
jicho moja. La pili liwe wazi, litulie,
lisitetemeke. Asiyeweza hilo
risasi zangu sizipotezi kwake."

Nikaenda kwenye kioo.
Nikifumba la kushoto, la kulia linalifuata,
ndugu wawili wasoachana njia ya kisimani.
Nilijaribu nikikuna nazi. Nilijaribu nikifua.
Nilijaribu dirishani, ufagio begani,
shabaha yangu kikopo juu ya ukuta wa jirani,
na nyuma ya ukuta alikuwa akipita
Hamad Faki wa duka la mafuta ya taa.

Basi. Kufika magharibi Mtemani yote imejua:
Mize anakonyeza wanaume.
Msusi akaongeza lake,
muuza urojo akakamulia ndimu.
Hakuna aliyetaja ufagio.

Asaa, mume wangu, hakupiga kelele.
Alikula, akanawa, akasema:
"Darasa hilo hutokwenda."
Nikamwambia nilikuwa nalenga shabaha.
"Shabaha gani," akasema, "inayoanzia kwa Hamad?"
Nikacheka. Kucheka ndiko kulikoniponza.

Siku tano zile nilizihesabu ghalani.
Wenzangu walirudi na mabega yamevilia damu
wakionyeshana kama pete za uchumba.
Mimi nikauzunguka mlango na rungu langu,
harufu ya karafuu ikinipanda kichwani,
nikafumba, nikafumbua, gizani,
hakuna wa kunisingizia ila paka.
Usiku wa nne lilitii.
La kushoto likalala,
la kulia likabaki zamu.

Wiki ile nilimkuta Asaa mbele ya kioo.
Hakujua nimerudi.
Uso umemkunjika kama aliyeng'ata ndimu,
macho yote mawili yamefumba.
Nikarudi nje taratibu, nikakohoa, nikaingia.
Akasema kioo hiki kina vumbi.
Jioni akauliza, anatazama pembeni,
awamu nyengine lini.

Ningesema yamekwisha. Lakini yupo mama.
Mama hajasema nenda, hajasema usende.
Mama, kifuniko cha sufuria kikianguka,
hutupa anachoshika na kuita majina yetu
mmoja mmoja mpaka tuitikie,
na jina moja ambalo haitikii mtu.
Hatumuulizi. Kaburi tunalijua.
Jana alikuwa anachagua mchele,
akaniuliza bila kuinua uso:
"Hiyo ya kampuni, inalia kama zile?"

Barua mpya iko chini ya godoro.
Jumatatu ni keshokutwa.
Bado sijamjibu.